Hema la Hiari na Hema la Lazima



Mwezi huu napenda tulitazame swali ambalo limezunguka sana kati yetu hapa Mantapala, penye foleni ya maji, baada ya ibada, na hata katika kikundi cha akina mama. Swali lenyewe limeletwa na picha. Baadhi ya familia zilizokuwa wakimbizi kama sisi sasa zinaishi Australia, na siku hizi picha zinafika upesi kwa simu. Katika picha hizo tunawaona ndugu zetu, baba, mama na watoto, wamekaa mbele ya hema katika nchi kavu yenye udongo mwekundu. Wamewasha moto. Sufuria imejaa masizi. Hakuna nyumba karibu. Nao wote wanacheka.

Mtu mmoja aliuliza, "Wamefukuzwa tena?" Alipoelezwa kwamba wako likizoni, na kwamba wametoa fedha zao wenyewe ili walale katika hema, alinyamaza. Wengine walicheka. Wengine walikasirika. Mama mmoja akasema, "Kile ambacho sisi tunamlilia Mungu atutoe, wao wanakinunua."

Neno la mama huyu si la kupuuzwa. Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza: je, ni vema mtu aliyelala katika hema kwa kukimbia vita alale tena humo kwa furaha? Je, huko si kuyachezea mateso yetu? La pili: fedha ile haikufaa zaidi kununua unga wa ndugu waliobaki? Tuyajibu kwa utaratibu, bila hasira, na Neno la Mungu likiwa mbele yetu.

SAFARI YENYEWE

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Australia ni nchi kubwa kuliko Kongo yetu zaidi ya mara tatu, lakini watu wake wengi wanakaa karibu na bahari. Sehemu za ndani, ambazo wenyewe huziita Outback, ni kavu na zina watu wachache sana. Katikati inapita barabara moja kuu, Stuart Highway, kutoka mji wa Port Augusta upande wa kusini hadi Darwin upande wa kaskazini, zaidi ya kilomita 2,700. Familia inayotoka mji wa Adelaide kwenda kuliona jabali la Uluru husafiri kama kilomita 1,600 kabla ya kulifikia. Njiani wanapita Coober Pedy, mji wa wachimba vito, ambako joto ni kali hata watu wengi wamechimba nyumba zao ndani ya ardhi. Wanapishana na malori yanayovuta trela tatu kwa pamoja. Jua likikaribia kuzama dereva hupunguza mwendo, kwa sababu kangaruu huruka barabarani ghafla.

Safari kama hiyo ina maandalizi. Wanabeba maji mengi, mafuta ya gari, gurudumu la akiba na chakula cha siku kadhaa. Wanamwambia mtu wa nyumbani njia watakayopita na siku watakayorudi. Na kuna onyo moja ambalo kila msafiri wa huko hupewa: gari likiharibika jangwani, usiliache. Kaa hapo hapo, watakutafuta, na gari huonekana kwa urahisi kuliko mtu anayetembea.

Tulitafakari onyo hilo, ndugu zangu. Wao wanafundishwa kwamba atakayekaa ataokolewa. Sisi tulifundishwa na vita kwamba atakayekaa atakufa.

HEMA MOJA, SAFARI MBILI

Tangu Agosti 2017, watu wa Pweto, Moba na vijiji vingi vya Haut-Katanga na Tanganyika walivuka mpaka kuingia Zambia. Wengi walipitia Chiengi. Walilala chini ya miti, juu ya vikwembe, watoto wakiwekwa katikati ili wasipigwe na baridi. Kisha wakapokelewa katika kituo cha Kenani, hapa wilayani Nchelenge, wakalala chini ya maturubai. Januari 2018 makazi haya ya Mantapala yalifunguliwa, na wengi wetu tukaanza kufyeka na kujenga.

Basi hema la Kenani na hema la Australia lina tofauti gani? Tofauti haiko katika kitambaa. Mvua inapiga sawasawa, mgongo unauma sawasawa, na mbu hamwulizi mtu kama ni mtalii au mkimbizi.

Tofauti ya kwanza ni kwamba yule aliichagua siku ya kuondoka. Ya pili, anajua mwisho wa safari. Ya tatu, ufunguo wa nyumba yake uko mfukoni. Ya nne, hakuna anayemfuata nyuma. Ukitaka kuziona zote nne kwa pamoja, sikiliza swali ambalo mtoto huuliza katika kila hema duniani: "Baba, tutarudi lini nyumbani?" Baba aliye likizoni anajibu, "Ijumaa." Baba aliyekuwa Kenani hakuwa na siku ya kutaja.

Kwa hiyo kilichotuumiza si hema. Kilichotuumiza ni kunyang'anywa jibu la swali lile. Tukielewa hivyo, hatutalichukia hema, wala hatutadhani kwamba kila alalaye ndani yake kwa furaha anatucheka.

Historia ya nchi hii yenyewe inatufundisha hivyo. Mwezi wa Novemba 1867, David Livingstone alifika ziwa Mweru, kisha akafika kwa Mwata Kazembe. Alikuja kwa hiari yake, na ingawa aliugua sana na kukosa chakula mara nyingi, safari ilikuwa yake. Katika miaka ile ile misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita katika nchi hizi. Watu wale nao waliota moto usiku, nao walilala chini ya nyota zile zile, lakini shingoni walikuwa na miti na mikononi kamba. Njia ilikuwa ile ile. Mtu mmoja aliitwa msafiri, na mwingine aliitwa mzigo. Dhambi haikuwa katika njia. Dhambi ilikuwa katika mkono uliomfunga mtu.

MUNGU ALIAGIZA VIBANDA

Sasa tufungue Biblia. Katika Mambo ya Walawi sura ya 23, Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba kila mwaka, baada ya kukusanya mavuno, wakae katika vibanda siku saba. Angalieni ni wakati gani. Agizo hilo liliwatazamia watakapokuwa na mashamba, mizabibu na nyumba nzuri. Kila mwaka, mwenye nyumba ya mawe alipaswa kuiacha na kulala chini ya matawi, yeye na watoto wake. Sababu imetajwa wazi katika mstari wa 43: ili vizazi vyao vijue kwamba Bwana aliwakalisha baba zao katika vibanda alipowatoa Misri.

Halafu someni Nehemia sura ya 8. Wale waliorudi kutoka uhamishoni Babeli waliposikia agizo hilo likisomwa, walipanda mlimani wakakata matawi, wakajenga vibanda juu ya dari za nyumba zao na katika nyua zao. Maandiko yanasema kulikuwa na furaha kubwa mno. Hao hawakuwa watu waliokosa kuonja uhamisho. Wao ndio wakimbizi waliorudi! Wangeweza kusema, "Tumechoka na maisha ya njiani, tusikumbushwe tena." Lakini walikubali kuingia vibandani kwa hiari, na pale ambapo baba zao walikuwa na hofu, wao wakapata furaha.

Jibu la swali letu la kwanza ni hilo. Kulala katika hema kwa furaha baada ya kulala humo kwa machozi si kuyachezea mateso. Kunaweza kuwa ushuhuda. Mtu anaweza kusema moyoni, "Kitambaa hiki kiliwahi kuwa gereza langu, leo Bwana amekifanya mahali pa kucheza na watoto wangu."

Lakini nasema kunaweza. Si kila hema la hiari ni kibanda cha ushuhuda. Sikukuu ile iliwekwa ili vizazi vijue, na watoto hawajui mpaka waambiwe. Baba akiwapeleka watoto jangwani, akachoma nyama, akapiga picha, akarudi nyumbani, watoto watakuwa wameijua Australia na hawajaijua Pweto. Moto ule wa jioni ni nafasi aliyopewa na Mungu. Aseme, "Wanangu, kuna usiku mwingine ambao mimi na mama yenu tulilala nje. Hatukuwa na maji haya. Mtu tusiyemjua alitupa mihogo." Asiwatishe kwa mambo ya damu yanayozidi umri wao. Awaambie jinsi Mungu alivyotembea nao.

Wenyeji wetu hapa Luapula wanaijua hekima hii. Kila mwaka mwishoni mwa Julai, watu wa Mwata Kazembe hukusanyika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko. Wanakumbuka jinsi wazee wao Walunda walivyotoka katika nchi ambayo leo ni Kongo, wakavuka mito, wakapigana, wakafika. Wamekaa hapa zaidi ya miaka 250. Wana nyumba, wana ziwa, wana shule. Hata hivyo hawajaacha kuwasimulia watoto kwamba, "Sisi tulitoka mahali." Watu wasiosahau njia yao hawapotei.

Niongeze neno la uchungaji. Kuna ndugu ambao turubai likipigwa na upepo usiku wanaamka wanatetemeka. Mwili unakumbuka mambo ambayo akili imeyaweka mbali. Mtu kama huyo asilazimishwe kulala katika hema, awe Australia au awe hapa, wala asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo. Mume amwulize mke, na mke amwulize mume, kabla ya kufunga mizigo. Tukimlazimisha, hema lile linakuwa la lazima kwa mara ya pili.

NA ZILE FEDHA?

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu tumbo lina njaa na tumbo halisikii hoja. Wengi wetu tunajua maana ya kuona msaada wa chakula ukipunguzwa na mtoto akirudi shuleni hana kitu. Katika hali hiyo, kuona ndugu akitumia fedha kwa ajili ya matembezi kunauma.

Mungu hakuacha jambo hili bila mafundisho. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14, Waisraeli wanaagizwa wachukue sehemu ya mazao yao, waende mahali pa Bwana, na kama ni mbali wabadilishe kwa fedha, kisha wanunue kile roho zao zinachotamani, wale na kufurahi pamoja na jamaa zao. Hiyo ni safari ya familia, tena imeagizwa na Mungu! Mungu si Farao. Farao aliposikia watu wanataka kwenda safari ya siku tatu jangwani wamfanyie Bwana sikukuu, alisema ni wavivu, akawaongezea kazi. Tuwe macho tusije tukaongea kama Farao juu ya ndugu zetu. Wengi wao huko wanafanya kazi ngumu, wengine katika viwanda vya nyama, wengine wakiwatunza wazee usiku kucha. Baba anarudi asubuhi watoto wanapokwenda shule, na wiki nzima inapita hawajazungumza. Siku chache jangwani, bila kazi na mahali pengine bila mtandao wa simu, huenda ndizo siku pekee ambazo watoto wale wana baba.

Lakini sura ile ile haiishii hapo. Inawaonya wasimsahau Mlawi asiye na urithi, na inaweka fungu kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane ili nao wale washibe. Na sura ya 16, inapoeleza Sikukuu ya Vibanda, inataja kwa majina wanaopaswa kufurahi: mwana, binti, mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Katika kibanda cha Mungu mgeni ana nafasi yake. Kwa hiyo furaha si dhambi. Dhambi ni furaha iliyofunga mlango, kama ya yule tajiri wa Luka 16 aliyekula vizuri kila siku wakati Lazaro amelala mlangoni pake.

Kwa ndugu zetu walio mbali, kama karatasi hii itawafikia, nasema: safirini, furahini, na mnapopanga bajeti ya safari, wekeni fungu la mgeni kabla hamjaondoka. Liwe dogo, lakini liwe limepangwa, lisiwe mabaki. Na sisi tulioko huku tunalo letu la kufanya. Tusimgeuze ndugu kuwa ghala. Kuna watu wanaopigiwa simu kila wiki na jamaa kumi, na kila mmoja anasema shida yake ndiyo ya kwanza. Mwisho mtu huyo anabadilisha namba ya simu, na tunampoteza ndugu. Ukimpigia simu, mwulize kwanza habari za watoto wake. Mwombee. Mwambie Mungu ametenda nini kwako. Uhusiano wetu ulikuwako kabla ya fedha, na ni lazima udumu hata fedha zikikosekana.

NCHI INA WENYEWE

Kuna fundisho jingine katika safari ile. Jangwa lile linaonekana kama nchi tupu, lakini si tupu. Jabali la Uluru, lenye urefu wa mita 348 kutoka ardhini, ni mahali patakatifu pa watu wa Anangu, waliokaa pale tangu zamani sana. Waingereza walipoanza kuishika Australia mwaka 1788, wenyeji wa asili katika sehemu nyingi walifukuzwa katika nchi zao. Uluru ilirudishwa rasmi kwa Anangu mwaka 1985. Kwa miaka mingi waliwaomba wageni wasipande juu ya jabali, lakini wengi waliendelea kupanda. Hatimaye, tarehe 26 Oktoba 2019, kupanda kulikatazwa kabisa.

Ndugu yetu anayelala karibu na jabali lile ni mgeni mara mbili: mgeni wa serikali iliyompokea, na mgeni wa watu ambao wao wenyewe waliwahi kunyang'anywa ardhi. Mtu aliyefukuzwa kwao ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kumheshimu mwenye nchi. Na sisi je? Mashamba tunayolima hapa Nchelenge ni ardhi tuliyokaribishwa. Miti tunayokata ina wenyewe. Samaki wa Mweru wana sheria yao, na uvuvi unapofungwa tarehe 1 Desemba ili samaki wazaane, amri hiyo inamhusu mkimbizi kama inavyomhusu mwenyeji. Musa aliwakumbusha watu wake kwamba wanaijua roho ya mgeni, kwa sababu wao walikuwa wageni Misri. Tuijue roho ya mgeni, tena tuijue na roho ya mwenyeji.

PUMZIKO KABLA YA KANAANI

Mwisho, mtu ataniambia: "Mchungaji, hayo ni ya walio na magari. Sisi tutasafiri wapi?" Ni kweli. Anayetaka kutoka katika makazi huomba kibali, na nauli si rahisi. Lakini someni Kutoka sura ya 16. Waisraeli walipewa Sabato wakiwa wapi? Hawakuwa bado Kanaani. Walipewa wakiwa jangwani, wakilala katika hema, wakila mana ya siku moja moja. Mungu hakusema, "Mtapumzika mtakapopata nyumba." Aliwapa watu waliokuwa bado safarini siku ya kupumzika, ili wajue kwamba hawakuwa tena watumwa. Naye Bwana Yesu, katika Marko sura ya 6, aliwaita wanafunzi wake waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo, ingawa hawakuwa na nafasi hata ya kula.

Basi nawasihi wazazi: msisubiri Australia. Jumapili mchana, baada ya ibada, wachukueni watoto, na mihogo ya kuchemsha na maji ya kunywa, mkakae chini ya mti mahali ambapo hamlimi wala hamchoti kuni. Waacheni wacheze. Jioni wasimulieni mlikotoka. Na familia itakayopata kibali cha kwenda Nchelenge mjini kwa shughuli, isiharakishe kurudi kabla ya kushuka hadi ufukoni. Mweru ni ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya mia moja, na kuliona hakulipiwi. Nunueni chisense kidogo, kaeni mkiangalia mitumbwi. Ng'ambo ya maji ndiko Kongo, na jua huzama upande ule. Mwonyesheni mtoto, mwambieni, "Kule ndiko tulikotoka." Akiuliza mtarudi lini, msimdanganye kwa kumtajia siku. Mwambieni kwamba Baba yetu wa mbinguni anaijua siku hiyo, na kwamba tangu usiku ule wa kwanza chini ya mti hajatuacha hata usiku mmoja.

Ibrahimu mwenyewe, kama Waebrania sura ya 11 inavyofundisha, alikaa katika hema ndani ya nchi aliyoahidiwa, akiutazamia mji ambao Mungu ndiye mjenzi wake. Hakumwonea wivu mwenye nyumba, wala hakuona haya kwa ajili ya hema lake. Bwana atujalie moyo huo, sisi tulioko hapa na ndugu zetu walioko mbali.

Maswali ya kuzungumza katika familia:

1. Watoto wetu wanajua nini juu ya njia tuliyopita? Ni nani atakayewasimulia?
2. Tunapompigia simu ndugu aliye mbali, neno letu la kwanza huwa ni lipi?
3. Ni siku gani juma hili ambayo familia yetu itapumzika pamoja?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Mchungaji wenu katika huduma.